Fimbo Isiyo na Kivuli: siku tatu kwenye vilima vya Pugu

Ijumaa, 1 Machi 2024

Ukweli usemwe: hatukwenda Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwa kupenda mazoezi. Tulikimbia nyumba. Wiki nzima umeme ulikuwa wa mgao, feni imeganda juu ya kitanda, na chumba changu kina dirisha moja tu linalotazama ukuta wa jirani. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akasema huko juu kuna upepo. Ameona picha kwenye simu, watu wamesimama juu ya mwamba, nguo zinapepea. Nikamwambia Pugu si mlima, shem, ni vilima, havifiki hata mita 400, tena vimeipa bahari kisogo. Kaskazi ikivuma Magogoni kule ufukweni, ikishapita mabati yote ya Buguruni, Vingunguti na Kiwalani, kule inafika nini? Hakunisikia. Ni mtu wa kunyanyua vyuma, kifua mlango, na mtu wa namna hiyo humwambii kitu kuhusu kutembea.

Dada yangu mkubwa, nesi mstaafu, alikuwa anasikiliza huku anachambua mchele. Akasema, "Nyinyi wawili mkienda peke yenu mtarudi mmebebwa." Jioni yake akaja na mkoba.

Mizigo ilikuwa hivi: mahema mawili ya kuazima, chupa 9 za maji za lita moja na nusu, chapati 12, karanga, tende, ndimu, chumvi, tochi 2, na kanga za dada ambazo sikuelewa za nini. Hesabu ya maji niliifanya mimi: chupa 3 kila mtu, na njiani tutajaza. Naiandika hapa mapema ili msomaji aikumbuke tukifika Jumapili.

Tulipandia daladala Buguruni saa nane mchana. Barabara ya Nyerere yote imechimbuliwa kwa ajili ya njia ya mwendokasi ya Gongo la Mboto, kwa hiyo gari linasogea, linasimama, vumbi linaingia, konda anapiga kelele ya kusogea nyuma wakati nyuma hakuna pa kusogea. Tulipokanyaga chini Gongo la Mboto shati langu lilikuwa limeshalowa, na safari ya miguu haijaanza.

Kutoka hapo tukaenda kwa miguu hadi Pugu Kajiungeni, kisha tukaanza kupanda. Kupanda kwenyewe si kwa kutisha. Ni lami inayoinuka polepole mpaka unashtuka unahema. Kinachokutambulisha kwamba umeuacha mji ni udongo: ule mchanga wa Dar unageuka mwekundu, halafu penye mkato wa barabara unaona tabaka jeupe kama unga wa muhogo.

Tulipita karibu na Shule ya Sekondari Pugu. Enzi hizo ikiitwa Mtakatifu Fransisko, Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha hapa TANU ilipozaliwa Julai 1954, na 1955 akaacha kazi ya ualimu moja kwa moja akaingia kwenye siasa. Wazee husimulia kwamba mara nyingine alishuka mjini kwenye mikutano kwa miguu. Shemeji akauliza ni kilomita ngapi. Dada akamjibu ni zaidi ya 20, na mwenzio hakuwa na viatu vya raba vya laki na nusu.

Mwongozaji wetu, kijana wa Kisarawe, alitupokea kwenye hifadhi. Baada ya salamu akauliza makabila, kama kawaida ya watu wa huku. Aliposikia shemeji ni Mnyamwezi akacheka mpaka akashika magoti. Kumbe yeye Mzaramo. Watani hao tangu enzi za misafara, watu wa bara walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu kuja pwani. "Babu zako," akamwambia, "walibeba pembe toka Tabora mpaka hapa. Wewe una kibegi cha chapati unatoka jasho hivyo?"

Usiku kambini hakukuwa na upepo. Naomba iandikwe. Joto lilikuwa lilelile la mjini, tofauti ni kwamba hili lilikuwa na harufu ya majani. Lakini kulikuwa na komba. Mmoja alianza kulia juu ya mti kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, wenzake wakaitikia bondeni. Mwongozaji akatuambia wapo wa aina zaidi ya moja, na mdogo kuliko wote ni yule wanayemwita komba wa Rondo, kwa jina la nyanda za juu za Lindi: ana gramu 60 hivi, anakaa kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na huu ni mmojawapo. Gramu 60 ni yai la kuku. Nililala nikiwaza yai lenye macho makubwa linaruka tawi hadi tawi.

Jumamosi, 2 Machi

Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, na kwa saa mbili hivi safari ilikuwa ile ya kwenye picha za shemeji. Njia nyembamba, majani makavu, mitambaazi ya mibungo imening'inia kama kamba za meli. Sange alikatiza mbele yetu, mnyama wa ajabu huyu, ukubwa wa paka mdogo, pua kama mrija, anakimbia kwa kurukaruka huku akichokonoa majani. Juu, hondohondo wawili walipita. Mabawa yao yanavuma, unawasikia kabla hujawaona, halafu ukishawaona wanapiga yowe kama vichanga.

Halafu saa tatu ikafika na nyenze wakaanza.

Sijui kama umewahi kusikia joto. Nyenze ndio sauti yake. Mmoja anaanza kwa mlio wa waya wa umeme, wa pili anadaka, baada ya dakika moja msitu mzima unachirika na unahisi mlio uko ndani ya meno yako. Ndani ya msitu kivuli kipo, lakini hewa haitembei. Jasho la pwani halikauki, linatiririka tu, na jasho lisilokauka halikupozi. Linakuibia maji na chumvi bure. Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza chupa ya kwanza ya siku, na shemeji alikuwa kwenye ya pili. Alikuwa anajimwagia nyingine kichwani. Dada alimwangalia, hakusema.

Penye uwazi juu ya ukingo tuliiona Dar es Salaam. Sikuitegemea. Nimeishi humo miaka yangu yote na sikuwahi kuiona ikiwa kitu kimoja: mabati, mabati, mabati, uwanja wa ndege, ndege inatua polepole kama inayotafuta pa kukaa, kisha mbali kabisa minara ya katikati ya jiji imesimama kwenye ukungu mweupe wa joto. Bahari haikuonekana, ila palikuwa na mahali ambapo weupe ulikuwa mweupe zaidi. Chini yetu reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, na nguzo za reli mpya ya umeme. Jumatatu ya wiki hiyohiyo treni ya umeme ilikuwa imejaribiwa hadi Morogoro, na mwongozaji alikuwa na video yake kwenye simu. Tuliitazama mara tatu, sisi watu tusiokuwa na umeme nyumbani.

Tuliposhuka tukavuka korongo kavu lililojaa mawe na mizizi. "Hapa maji yake yanakwenda Msimbazi," akasema mwongozaji, kama mtu anayekuonyesha mlango wa choo. Nikasimama. Msimbazi ni ule wa Jangwani, ule unaofunga barabara kila masika, ule uliowahi kuondoka na godoro la shangazi yangu na jiko lake la mafuta. Unaanzia kwenye vilima hivi. Kwenye lile korongo palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa sinia, na vipepeo weupe wamekizunguka wakinywa matope. Shemeji akasema tumwage mkojo ufike mjini kabla yetu. Sikucheka, nilikuwa namfikiria shangazi.

Mchana tukakaa kando ya Bwawa la Minaki. Jirani yake iko shule ya jina hilohilo, ambayo wamisionari wa Kianglikana waliianzisha mwaka 1925 wakati chuo chao cha Kiungani kilipohamishwa kutoka Unguja. Hatukufanya lolote hapo isipokuwa kulala chini ya mti, na sina la kusimulia zaidi ya kwamba chapati za jana zilikuwa zimeshachacha harufu na tulizila.

Cha siku kilikuwa mapangoni.

Mapango ya Pugu hayakuumbwa, yalichimbwa. Wajerumani ndio walioanza kuchimba kaolini hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri na kulainishia karatasi, na wakaacha mahandaki yanayoingia ndani ya kilima. Mlangoni unapokea hewa ya ubaridi usoni, na nakuapia tulisimama hapo kama watu waliofungua friji, hatutaki kuingia wala kutoka. Kisha harufu. Kinyesi cha popo cha miaka na miaka, kali, inakuchoma machoni kama mkojo wa paka. Dada akajifunga kanga puani, na hapo nikaanza kuelewa kwa nini alibeba kanga.

Ukuta ukiugusa unabaki na poda kidoleni. Bado unaziona alama za sururu, fupifupi, zimelala upande mmoja, na nilipoweka mkono juu ya mojawapo nilihesabu mapigo manne mpaka kwenye kona. Kila pigo ni la mtu. Wamiliki wa mgodi tunawajua. Mwenye sururu hakuna aliyemwandika. Mwongozaji akamulika juu kidogo tu, akazima. Dari lilikuwa linapumua.

Tulitoka tukangoja nje. Saa kumi na mbili na nusu jioni walianza mmoja mmoja, kama wanaochungulia, kisha wakamwagika. Sina neno jingine. Walitoka kwa mkondo, bila kugusana, bila kutugusa, wakipinda juu ya vichaka kuelekea kwenye wadudu wao, na kitu pekee tulichosikia ni ubawa, mlio kama wa karatasi laini zinazokunjwa. Upepo wao ulitupepea. Upepo pekee tulioupata Pugu, niliwaambia wenzangu, na hewa yenyewe ilinuka.

Jumapili, 3 Machi

Siku ya Kazimzumbwi. Msitu huu na ule wa Pugu sasa ni hifadhi moja ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 7,000 kwa pamoja, lakini ukiwa ndani unajua umehama. Kazimzumbwi una mahali penye msitu wa kweli, mikongo na mivule ya kukumbatiwa na watu wawili, kisha ghafla unatokea kwenye vichaka vya juzi na visiki.

Alfajiri, kabla hatujaiacha barabara ya vumbi, tulikutana na pikipiki tatu zikiteremka bila taa na bila injini. Wamezima, wanaserereka kimya. Kila moja ina magunia ya mkaa yaliyopandishwa lumbesa, yamefumwa juu kwa kamba na kufunikwa majani mabichi. Wa mwisho alitusalimia kwa adabu zote, "Shikamooni wazee," akapotea konani. Mwongozaji alitema mate pembeni. Baadaye kidogo akatuonyesha mahali pa tanuru la zamani ndani ya kichaka: duara jeusi, udongo umeungua ukawa mgumu kama kigae, hapaoti kitu katikati, na pembeni kisiki kimechipua vijiti vinne vyembamba.

"Huo mti ulikuwa nini?" nikamuuliza.

"Mkongo. Unachoma vizuri, moto wake unadumu."

Niliujua moto wake. Muuza mkaa wa mtaani kwetu husema hivyohivyo, "mzee, chukua huu, unadumu," na mimi huchukua.

Maji tulikuwa tumejaza jioni, lakini si yote. Hesabu zangu za chupa 3 zilikuwa za mtu aliyekaa kivulini. Saa nne asubuhi tulikuwa na chupa 4 kwa watu wanne, na mwongozaji anasema kijiji bado saa mbili. Shemeji alikuwa ameacha utani wake. Hilo ndilo lilipaswa kutushtua, maana mtani wake alimchokoza mara mbili hakujibu.

Saa sita na nusu tukatokea kwenye uwazi wa mchanga. Nilikuwa na fimbo niliyookota njiani, nikaichomeka ardhini wima nipumzishe mkono. Nikaona kitu kimekosekana. Fimbo haikuwa na kivuli. Nikaizunguka. Kulikuwa na duara dogo la giza pale ilipoingilia mchangani, basi. Nikajitazama: kivuli changu kilikuwa chini ya viatu, kama mafuta yaliyomwagika. Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini kabisa mwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na sisi kwa akili zetu tulikuwa tumechagua siku yenyewe na saa yenyewe. Nikageuka nimwite shemeji aje aone.

Shemeji alikuwa amekaa chini. Halafu akalala.

Dada alifika kwake kabla yangu, na ana miaka 63. Akamshika shavu, kwapa, mkono. "Anatoka jasho, ngozi ya baridi. Afadhali. Jasho likikatika na mwili ukawa moto mkavu, hapo ndipo pa kulia." Akamwuliza jina la mama yake, akajibu. Akamwuliza leo siku gani, akasema Jumapili, nataka kutapika. Miguu ilikuwa imemkakamaa, shavu la mguu limejikunja mpaka unaliona fundo chini ya ngozi likitembea. Tulimburuta hadi chini ya mkorosho, hatukumbeba, uzito wa vile vyuma vyote. Dada akaamuru: viatu vitoke, mkanda ulegezwe, miguu juu ya begi. Kanga moja ikalowekwa kwa maji yetu ya thamani ikawekwa shingoni na kifuani, ya pili tukaishika mimi na mwongozaji huku na huku tukawa tunampepea kama bwana harusi.

Kisha akatoa mkobani pakiti za ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini. Alikuwa nazo tangu Ijumaa, hakusema. "Ningewaambia mngezinywa kwa mbwembwe," alisema. Na kwa asiye nazo: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akamnywesha kidogokidogo, kifuniko cha chupa baada ya kifuniko, kila alipotaka kugida akamnyang'anya. Maji matupu alikuwa amekunywa ya kutosha siku mbili zote; alichomaliza ni chumvi.

Mwongozaji alichuchumaa karibu na kichwa chake. "Mnyamwezi, usinifie hapa. Ukifa msibani nakuja na ngoma, na hivyo viatu vya laki na nusu ni vyangu kwa haki ya utani."

Shemeji akafumbua jicho moja. "Haviwezi kukuenea, Mzaramo. Una miguu ya bata."

Dada akasema, "Amepona huyu."

Tulikaa pale mpaka saa kumi. Hakuna aliyelalamika. Kivuli cha fimbo yangu kilirudi, kwanza kama ukucha, kisha kidole, kisha mkono, na kilipoizidi fimbo yenyewe kwa urefu ndipo dada alipotoa ruhusa.

Nyumba ya kwanza tuliyoifikia ilikuwa ya udongo, ina mfenesi uani na kuku wamejilaza na mabawa wameyaachia. Bibi alikuwa anasuka mkeka barazani. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Mmetoka msituni na jua hili? Nani kawafukuza?" Hakungoja jibu, akaingia ndani, akatoka na kata ya kifuu iliyojaa maji ya mtungini. Nimekunywa maji ya barafu, maji ya chupa, maji ya hoteli. Yale yalikuwa na harufu ya udongo na moshi kidogo, na ubaridi wake haukugonga meno, ulishuka tu. Akaongeza fenesi, na wakati tunakula akamtazama shemeji juu hadi chini, kile kifua na ile miguu inayotetemeka.

"Huyu ndiye aliyeanguka?"

"Ndiye, bibi."

"Wakubwa huanguka kwa kishindo," akasema, akarudi kwenye mkeka wake.

Nikamwuliza kuhusu msitu. Akanyoosha ukindu aliokuwa nao mkononi hadi kwenye mnazi mmoja uliopinda, ng'ambo ya shamba la mihogo. Alipoolewa, msitu ulifika pale kwenye mnazi, na jioni hakuna aliyekwenda chooni peke yake. Sasa ulikuwa mstari wa kijani mbali, nyuma ya vichaka. Usiku wa zamani ulikuwa na baridi, alisema. Walijifunika.

Kisarawe mjini tulifika magharibi, kwa bodaboda, sina aibu. Tukala wali kwa kisamvu, shemeji akala sahani mbili. Kwenye daladala la kurudi alilala na kichwa chake kikawa kinagonga kioo mpaka Gongo la Mboto.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka saa kumi na moja, miguu haikunjiki. Umeme hakuna. Mke wangu yuko uani, amechutama, anaipepea pasi ya mkaa kwa mfuniko wa ndoo ili nipate shati la kuendea kazini. Cheche zinaruka. Nimemwuliza mkaa huu kaununua lini, akasema jana jioni, gunia jipya limeshuka, mkaa mzuri, hauzimiki ovyo.

Shati limekauka vizuri. Kabla sijafika kituoni lilikuwa limelowa.